Bangili za Uani

Jumatatu, 4 Juni 1973

Nimefagia ua. Nimempa mama uji. Amelalamika hauna limau. Nikamwambia limau limo, ulimi wake tu ndio umechoka. Amecheka. Macho yake hayaoni tena, lakini masikio, Mungu amlindie, yanasikia hata paka akijikuna.

Bwana afya amepita tena. Choo kimejaa, tuchimbe kingine upesi. Nafasi ni moja tu, kwenye kona ya ua, lilipo jiwe la kusagia la Babu. Jiwe hilo halijawahi kuhamishwa tangu nizaliwe. Nimemwita Pazi wa Fukayosi, mchimba vyoo. Tumelisukuma wawili. Mgongo unaniuma.

Jumanne, 5 Juni

Dhahabu!

Pazi alikwenda kuswali adhuhuri. Nikachungulia shimoni, kitu kikang'aa kwenye udongo. Bangili. Nene, ya kizamani, ina uwazi ndani na punje humo. Ukiitikisa inacheka chini kwa chini. Nimeing'ata. Dhahabu kweli. Imetoka kwenye ua wangu mwenyewe!

Sijamwambia mtu. Nimewaza paa tu. Mabati mapya, mama asisogezwe kitanda kila mvua ikinyesha. Nimeijaribu mkononi, nikaishushia mkono wa gauni. Nina furaha mpaka naona haya.

Jumatano, 6 Juni

Haitoki. Sabuni, mafuta ya nazi, haitoki. Jana iliingia bila taabu.

Asubuhi nimempelekea mama chai. Akageuza uso. Akauliza, "Nani huyo?" Nikasema ni mimi. Akasema, "Si wewe. Wewe huvai bangili." Akakisukuma kikombe, chai ikamwagika kwenye kanga. Sijawahi kumwona hivyo. Nimeogopa. Nimeizungushia kitambaa isilie.

Alhamisi, 7 Juni

Pazi ameacha kazi. Alipanda juu, akafuta mikono kwa majani. Kisha: "Dada, humu mna mtu."

Nimeteremka mwenyewe. Mifupa ya mkono. Bangili ya pili ingali imeuzunguka.

Mimi ni mwosha maiti. Nimewaosha wanawake wa hapa mtaani kwetu, Dunda, tangu shangazi aliponifundisha. Kitu cha kwanza ni kuvua. Pete, vipuli, bangili, hata uzi wa kiunoni. Hakuna kwetu anayeingia kaburini na dhahabu. Huyu hakuvuliwa. Basi hakuoshwa. Hakuvikwa sanda, hakuswaliwa. Alitiwa humu alivyo na jiwe likawekwa juu.

Jiwe la Babu.

Sijala kitu.

Ijumaa, 8 Juni

Namjua ni nani. Nilijua jana, nilikataa tu kuliandika.

Nyumba hii ina hadithi moja kuhusu Bibi, mama yake mama. Alitoroka na baharia wa Pangani. Akabeba dhahabu zake zote, akamwacha mtoto ambaye hata kujifunga kanga hajajua. Ndivyo alivyosema Babu, mumewe, na mji ukaitikia. Mama amekua akiitwa mtoto wa mtoro. Hajawahi kulitamka jina la mama yake. Mimi mjukuu silijui.

Na kila mwaka tunamsomea Babu hitima. Uani hapo hapo. Tunatandika mikeka juu ya Bibi, tunakula pilau.

Nilimtumia kaka Omari salamu, amefika leo kutoka Dar. Amechungulia shimo mara moja tu. Anasema tufukie. Bangili azipeleke kwa sonara, paa lipatikane, jina la Babu libaki safi. Habari hizi zitamuua mama. Nikamuuliza nani atamwosha yule. Akaniuliza uzito wa bangili. Nampenda kaka yangu. Leo nimemchukia.

Jumamosi, 9 Juni

Nusura nikubali. Niseme kweli, nilishakubali. Nilishaitoa ile ya pili nikampa Omari, akaitia mfukoni. Mama ni mzee, moyo wake mdogo, na paa ni paa.

Omari akamrudisha Pazi kufukia. Nikasikia udongo wa kwanza ukidondoka. Mimi niliyewaosha hata wasio na ndugu.

Nimekifungua kitambaa. Nimekwenda ndani, nimekaa miguuni pa mama, nikatikisa mkono.

"Mama," akasema. Hakuwa akiuliza. Sauti ilikuwa ya mtoto mdogo.

Nikamweleza yote. Jiwe, shimo, mkono. Hakulia. Aliishika bangili, akaivuta taratibu, ikatoka. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Hakuniacha?"

Hakukuacha, mama. Alikuwa hapa hapa.

Omari alikuwa amesimama mlangoni. Alitoka, nikamsikia akimwambia Pazi aache. Kisha akarudi, akaiweka bangili ya pili kwenye mapaja ya mama.

Jumatatu, 11 Juni

Polisi waliandika yao jana, wakaona mifupa ni ya zamani mno, wakaturuhusu.

Leo nimemwosha. Maji ya majani ya mkunazi, kisha karafuu maiti. Polepole, mfupa kwa mfupa. Nilikuwa nikimwomba radhi kwa ile mikeka. Sanda ilikuwa kubwa kuliko yeye.

Imamu akataka jina, la talakini. Hawezi kumwita maiti kaburini bila jina. Wanaume wakamtazama Omari, naye Omari halijui. Mama akashikwa mkono mpaka mlangoni. Akasema kwa sauti, mtaa mzima usikie: "Mwanaheri. Mama yangu ni Mwanaheri."

Hapo ndipo nilipolia.

Alhamisi, 14 Juni

Shimo limefukiwa. Choo kitachimbwa nje ya ua, bwana afya apende asipende. Paa lingali bovu. Omari alitaja sonara mara moja. Mama akasema hiyo ni mirathi yake. Yakaisha. Hitima ya Babu mwaka huu hakuna, na hakuna aliyeuliza.

Bangili zote mbili anavaa mama. Akinyoosha mkono kupokea chai zinalia, na hashtuki tena.

Asubuhi nilikuwa nafagia ua, nikazisikia nyuma yangu, kwenye kona. Nikageuka nimgombeze mama kwa kutembea peke yake. Hakuwapo mtu. Nikaenda kuchungulia chumbani. Mama amelala, mikono kifuani, bangili zimetulia.

Nimerudi uani. Nimesema shikamoo, Bibi, nikaendelea kufagia.