Krotoni Zilizoungua Jumapili

Jumatatu, 17 Februari

Nimepoteza krotoni arubaini na tatu. Jana Jumapili, baina ya saa tatu tulipokwenda kanisani na saa nane tuliporudi. Arubaini na tatu kati ya sitini! Majani yamekuwa kahawia, yamejikunja kama tumbaku. Zilizosalimika ni kumi na saba tu, zile zilizokuwa chini ya makuti.

Zilikuwa za Maxwell, msimamizi wa nyumba ya wageni kule Shelly Beach. Alikuja saa tisa kuzikagua. Akavua miwani, akaivaa tena. Akasema: dada, hizi ni za kupanda au za kuwashia moto? Hakucheka.

Kitalu hiki nilikianza na vipandikizi kumi ndani ya pakiti za maziwa. Hakuna aliyenishika mkono. Hata Karisa, mume wangu, aliniuliza hapa Likoni ni nani atakayenunua majani. Leo ni mwaka wa kumi na moja. Halafu asubuhi moja tu!

Jumanne, 18 Februari

Namshuku Wairimu, jirani wa ng'ambo ya barabara. Naye auza maua, na Jumamosi alipiga dawa ya kuua nyasi. Nimemwendea. Akasema upepo siku hiyo ulikuwa ukielekea kwake, si kwangu, na waridi zake mbona ziko hai?

Kisha akaanza: "Mama Eddah, si ni hiyo supu yako? Mwarobaini, sabuni, mafuta ya nazi... ongeza kitunguu na dania ukaange kabisa!"

Wateja wake wawili wakacheka mpaka wakashikana. Nikaondoka.

Supu yangu! Maji lita tano yaliyolowekwa mwarobaini, mafuta ya nazi vijiko viwili, sabuni ya maji kijiko kimoja. Jioni tu, jua likishashuka. Wale wadudu weupe kama pamba hawarudi tena. Miaka yote hiyo haijaunguza hata jani moja.

Jumatano, 19 Februari

Maxwell kapiga simu. Bustani yao imeshambuliwa na wadudu haohao weupe. Niende kesho jioni nikanyunyize. Ikipona, nitaitunza mwaka mzima, na krotoni nitazileta polepole. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza.

Alhamisi, 20 Februari

Nimenyunyiza bustani yote. Lita ishirini. Nimerudi giza halijaingia, nikaanza kupangusa zile krotoni kumi na saba.

Kidole kikateleza.

Mafuta! Vumbi limenata juu yake. Nikashika yale majani yaliyokufa — vivyo hivyo. Basi si dawa ya nyasi. Wairimu hana kosa. (Simwambii.)

Nikakaa chini hapohapo. Jumamosi jioni nilizinyunyizia supu yangu. Mafuta yalikuwa mapya: mama mkwe aliyaleta kutoka Kaloleni alipotujia Ijumaa. Ameyapika mwenyewe, mazito kuliko ya dukani. Mafuta yakizidi juu ya jani, jua hulikaanga. Je, vijiko viwili vya haya ni vingi mno? Na leo nimetia hayohayo kwenye bustani ya watu!

Nikamwambia Karisa. Akajikuna shingo. Akasema Jumapili asubuhi, mimi nikioga, alimwona mamake akipangusa majani kwa kitambaa. Alikuwa ametoka kumpaka mwanetu Eddah mafuta ya kwendea kanisani, akatazama nje, akasema: mgeni yuwaja, na hawa nao wamepauka hivi?

— Kitambaa kilikuwa kikavu au cha mafuta?
— Nilidhani anatoa vumbi.
— Basi muulize.
— Mimi nimhoji mama yangu kama askari? Muulize wewe.
— Mimi mkaza mwana ndiye nimhoji mavyaa yangu!

Akasema mama akiulizwa hivyo atafunga mzigo leo hii. Na chupa kupungua si ushahidi: twapikia, twapaka nywele, twapaka mtoto.

Ikiwa ni kitambaa, supu yangu haina kosa, na bustani ya Maxwell niiache ilivyo. Ikiwa ni supu, lazima kesho niyaoshe majani yote kwa maji ya sabuni kabla jua halijawa kali. Mbele ya Maxwell. Niseme kwa kinywa changu kwamba dawa yangu yaunguza. Hapo kazi imekwisha. Na kuijaribu kwanza kwahitaji jua — na jua ndilo nisilolitaka.

Ijumaa, 21 Februari. Saa moja na robo asubuhi

Karisa hajamuuliza. Amekaa mlangoni anafunga kamba za viatu, anazifungua, anazifunga tena.

Nimeuliza mimi. Mama alikuwa jikoni juu ya mbuzi, akikuna nazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umelala?"

Nikasema sikulala. Nikamuuliza: Jumapili uliipaka miche yangu mafuta? Akaendelea kukuna. Akasema: mtoto akienda kwa watu amepauka, asemwaye ni mtoto au mamake? Nikasema sikuuliza habari za mtoto. Akasema kwao mtu mzima hasimamiwi mlangoni. Nikasema najua, mama, nitapiga magoti baadaye, lakini nijibu. Akasimama, akajifunga leso upya. Akaniuliza zile za chini ya makuti zi hali gani.

Zi hali gani!

Nimekuja chumbani kuandika nisije nikapayuka. Simu imelia. Ujumbe wa Maxwell: majani yang'aa sana leo, ndivyo yanavyotakiwa?

Sijamjibu. Nasikia mfuko wa safari ukifunguliwa kule chumbani kwa mama. Karisa anaita, "Mama, mama, ngoja kwanza."

Na afunge mzigo akitaka, nitamsindikiza mwenyewe hadi stendi. Lakini si kabla hajanijibu. Narudi huko sasa hivi, na nitakayosema ni haya, bila kuongeza: Mama, saa mbili u nusu jua lavuka ukuta wa Maxwell. Kitambaa kilikuwa na mafuta, ndiyo au la? Si habari za mtoto, si za kwenu, si za makuti. Nataka neno moja, kabla ya saa mbili kamili.