Kapinga mu nafasi ya Madeleine

Élisabethville, mwezi ya Agosti 1953

Kwako yaya Mutale, dada yangu mukubwa,

Jambo yaya, jambo sana. Ile mugongo ingali inakusumbua? Na shemeji, na batoto, na bantu bote ba Kilwa, beko bazima? Sisi hapa tunapumua. Bwana yangu Numbi anaenda ku kazi, anarudi, analala. Tangu tulizika Madeleine wetu, nyumba imekuwa baridi.

Uliuliza kesi iliisha namna gani. Unajua mwanzo: Kapinga, binti ya Germaine, bale majirani ba Kasai, aligombana na mutoto wetu ku robinet ya maji, kila mumoja anataka kujaza ndoo wa kwanza. Akamusukuma. Kichwa ikapiga ku sima, ile saruji ya chini, akafa. Mama weee, mwana wangu! Na Kapinga mwenyewe matiti haijaota.

Bazungu balitaka kumufunga mbali. Lakini baba ya Kapinga na Numbi balipeleka kesi kwa bazee ba cité, huku mutaani kwetu, na bazee bakasema mutoto hafungwe, atengeneze kile aliharibu. Akae kwangu, achote maji, atwange, aone uchungu yenye alileta. Germaine asikanyage kwangu mpaka matanga iishe. Kisha miye naye tutanawa mu beseni moja, tutakula bukari moja, na mutoto atarudi kwao. Muzee Paulin, mwenye kukata kesi, aliniambia nimutazame sana yule binti, nitaona ni mutoto tu. Nikasema ndiyo, muzee.

Nilimutazama, yaya. Nilimuvalisha nguo ya Madeleine, nilimulaza pa mukeka ya Madeleine, nilimuita Madeleine. Akikosa kuitika, hakula. Kumupiga? Hata kofi moja! Alilia sana kwanza, aliita mama yake. Germaine alipita ku barabara na bisoulier byake, bile biatu bya kisigino, ko-ko-ko, anageuza shingo. Nilifunga mulango.

Basi kilio ikaisha. Akajua namna napenda chai yangu. Homa iliponikamata, yeye njo alinipanguza jasho, na akaniita mama bila kuambiwa.

Siku ya beseni bantu balijaa. Germaine alileta kuku. Tukanawa, tukakula. Muzee Paulin akamuambia Kapinga ainuke, aende kwa mama yake. Weee, yaya! Mutoto alikimbia nyuma yangu, akashika kikwembe yangu ya kiunoni, akasema hana mama mwingine. Germaine akaanguka chini, akajigaragaza mu vumbi na nguo yake ya misa. Bazee bakasema basi, tusimulazimishe leo, tumupe siku kidogo. Banamuke bakanipigia vigelegele. Padri naye, siku ya Mungu, alisema miye, Kalaba, nimebafundisha bote kusamehe.

Sasa sikia, yaya, wewe peke yako. Yale maneno ni miye nilimulisha. Kila mara nilipomusuka nywele, nilimuambia mama yake alisema mbele ya bazee: mumukamate huyo, niko na bengine. Bongo, uongo mutupu! Germaine alipiga magoti, alilomba bamufunge yeye. Nilisuka polepole, nikamuambia tena, mpaka akaacha kuuliza.

Bazee banasema atarudi kwao karibuni. Hatarudi. Yeye njo amekupa hii barua mu mukono. Nilimupandisha mu camion ya samaki, ile lori inakuja huko kwenu. Bahasha nimeshona na uzi, lakini hata bila uzi hangefungua, ni mutoto mwenye kusikia. Anazani amekuja kukusalimia wewe mama yake mukubwa, na miye nitamufuata. Sitamufuata. Usifikiri namupenda. Akiniita mama, mwili yangu inakataa. Germaine nitamuambia alitoroka. Amutafute! Aulize ku kila mulango, asimame ku kila barabara. Uchungu ya mwana, mwenye kuzala njo anaijua, na miye nataka aijue yote.

Huko muko mbali, hakuna mutu wa Kasai atamuona. Umupe chakula, usimupige, anajua kazi. Kila asubui atakuuliza nitafika siku gani. Umuambie: kesho.

Nisalimie shemeji na batoto, na ile kaburi ya mama unipalilie. Mungu akuchunge, yaya.

Miye mudogo wako,
Kalaba