Diski Niliyoianika Juu ya Mabati

Ouma, mwana wa dada yangu,

Ni mimi, mjomba wako wa Kosele, yule uliyemwita Nera kama Wajaluo wanavyomwita ndugu wa mama. Nakuandikia kwa Kiswahili kama tulivyozoea kuandikiana, maana ulisema Kijaluo changu cha kuandika kinakuumiza macho. Niliishia darasa la sita. Watu wa sokoni nimewaambia ni kidato cha pili. Nimeanza na ukweli huo mdogo ili mkono uzoee.

Huku tupo. Tangu malaria ikuchukue wakati wa zile mvua za Elnino, mama yako alikonda sana, lakini sasa anakula, na amerudi shambani. Kibanda changu cha redio bado kimesimama. Mwezi uliopita nilifufua redio iliyozama ziwani siku nne. Ilitoa maji kwanza, halafu ikatoa habari. Sawa, ilikuwa siku mbili.

Sasa nikueleze kuhusu diski yako.

Kile kisanduku cheusi alichokuachia yule mtafiti wa samaki, ulichokuwa ukikichomeka nyuma ya kompyuta ya chuo chako Homa Bay, pale pa kuchomeka printa. Kila mtu nyumbani alijua ndani kuna nini. Ni maneno ya Kisuba, ile lugha ya nyanya yako, mama ya baba yako, yote aliyokupa mkikaa kisiwani Takawiri likizo baada ya likizo. Yeye aliugua muda mrefu akatangulia, nawe ukamfuata kabla ya mwaka kuisha. Daftari ulizoandikia kwanza, Ouma, zimekwisha. Watu wa matanga walizitumia kuwashia moto wa chai. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kuni zilikuwa mbichi na karatasi zilikuwa kavu, ni hayo tu.

Ikabaki diski. Mama yako alimwahidi nyanya yako kwamba wajukuu watasomewa maneno yale siku moja, kwa sababu pale kisiwani watoto wenu wote sasa ni Kijaluo tu. Akaja nayo Kosele imefungwa kwenye leso, akaniwekea mkononi. Akasema, "Ndugu yangu, umenidanganya tangu tukiwa watoto na yote nimekusamehe. Hii moja usinidanganye." Nikamwambia diski ni redio tu isiyo na spika, asiwe na wasiwasi.

Nikaipeleka chuoni kwako. Yule kijana aliyechukua nafasi yako ya kufundisha kompyuta akaichomeka, akawasha, akangoja. Akazima, akawasha tena. Akaniambia kompyuta haiioni. Nikamwuliza haiioni namna gani na iko mezani sisi wote tunaiona? Akasema, "Mzee, imekufa. Tafadhali, kuna wanafunzi wanangoja."

Nikarudi nayo nyumbani nikifikiri. Unajua redio ikiishiwa nguvu watu wetu wanafanya nini. Wanatoa betri, wanazianika juani, jioni redio inaongea tena. Mimi ndiye niliyewafundisha nusu ya Kosele, au tuseme majirani wawili. Nikaona hii diski nayo imechoka tu, imekaa kwenye leso miezi bila stima. Nikapanda juu ya kibanda nikaianika juu ya mabati, saa nne asubuhi hadi saa tisa. Niliposhuka nayo, upande mmoja ulikuwa umepinda kama ndara iliyosahauliwa karibu na jiko.

Sikumwambia mtu. Niliificha chini ya redio mbovu, na mama yako akituma mtu kuuliza, nasema fundi wa Kisumu ameagiza kifaa. Ouma, hakukuwa na fundi wa Kisumu. Nilikuwa nikikaa pale kibandani, mteja akiondoka nainua zile redio, naiangalia, naifunika tena. Mimi niliyewaambia watu kwamba hakuna kitu chenye waya kinachonishinda.

Mwishowe nikaenda Migori kwa Swaleh. Hukumjua. Ni Mwislamu kutoka Lamu, ana duka la taipu na fotokopi pale mjini, na nyuma ya pazia anafungua kompyuta za watu. Akaishika diski, akaigeuza, akanitazama.

"Mzee wangu, hii imepikwa?"

Nikamwambia marehemu alikuwa na tabia ya kuweka vitu karibu na jiko. Nisamehe. Wewe ambaye hata kikombe cha chai hukukiruhusu kukaribia ile mashine, nikakusingizia, na udongo wa kaburi lako haujashikana sawasawa.

Swaleh hakubisha. Alisema mara nyingi kinachokufa ni hiki kisanduku na waya zake, na diski yenyewe imo ndani, haina habari. Tuitoe tuifunge ndani ya kompyuta yake, kama vile ilizaliwa humo. Tukafungua skrubu nne. Ya tano ilikuwa imeshikana na plastiki iliyoyeyuka, akaikata kwa kisu na hakuniuliza lolote. Ndani mkatoka kitu cha chuma, kizito, kama kipande cha sabuni. Akakifunga kwa waya mpana, akawasha. Kompyuta ikahesabu mambo yake, ikasema haioni kitu.

Akajaribu tena. Haioni. Akajifuta jasho akasema, "Tumefika mwisho, mzee." Mimi nilikuwa nimeinamia kile chuma kwa sababu sikuweza kumtazama usoni. Nyuma yake nikaona kikofia cheusi, kidogo kama punje ya mtama, kimekaa juu ya pini mbili, na pini nyingine kando yake ziko wazi. Nikamwuliza hiki ni cha nini. Akajipiga paji la uso. Kumbe ndicho kinachoiambia diski kama ni ya kwanza au ya pili katika mashine, na diski mbili haziwezi kuwa za kwanza. Vidole vyake ni vinene, kikamteleza mara tatu. Mimi nikatoa kile kikoleo changu cha kubania waya wa redio, nikakihamisha kwa mara moja. Hapo, Ouma, bila chumvi hata chembe, ni mimi.

Akasema Bismillahi, akawasha. Chuma kikanguruma kama paka. Majina yakaanza kujipanga kwenye kioo. KISUBA1. KISUBA2. KISUBA3. Na chini kabisa, NERA.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilitamani Swaleh azime mashine, na wewe unajua kwa nini. Ila wakati ule nilidhani hujui.

Ile likizo ya kwanza ulipotoka Takawiri na daftari imejaa, uliongea juu ya nyanya yako jioni nzima. Nyanya amesema hivi, nyanya amesema vile. Niliona wivu, Ouma. Mtu mzima, naona wivu kwa ajili ya daftari. Nikakuambia mimi pia ninajua Kisuba, nilivua samaki na Wasuba ujanani, wakanifundisha maneno ambayo hata nyanya yako ameyasahau. Nilivua nao siku moja, na niliitapikia boti. Nikakupa neno la upepo unaogeuza tanga na kumrudisha mwanamume kwa mke aliyemkimbia. Nikakupa neno la samaki mbuta ambaye amekwisha kumla mvuvi mmoja na anamtafuta wa pili. Uliandika yote bila kucheka. Kisha ukainua kichwa ukaniuliza, "Nera, unaweza kulitumia kwa sentensi?" Nami nikatumia. Mungu anisamehe, nilitumia kwa sentensi. Mwezi mwingine ukaniuliza maana ya neno lile lile na nikakupa maana nyingine, nawe ukaandika tena.

Kwa hiyo nikiwa nimesimama nyuma ya Swaleh niliona uongo wangu umechanganyika na maneno ya mama mzee aliyekufa, na hakuna tena mtu hai wa kuyatenganisha. Wajukuu watasomewa neno la mbuta wangu kama urithi. Ningemwambia nini mama yako?

Swaleh akafungua NERA akasoma kwa sauti, maana hakuona ubaya.

"Maneno ya Nera. Nyanya hajui hata moja. Nimemsomea yote, amecheka mpaka akashika ubavu, ameomba nimsomee tena. Yasichanganywe na yale mengine. Yasifutwe."

Chini yake yakafuata yote, kila neno na maana yake ya kwanza na maana yake ya pili, yamepangwa vizuri kama ya mtu wa maana. Swaleh naye alicheka alipofika kwa mbuta. Akageuka. "Huyu Nera ni nani?"

Nikasema, "Ni mimi."

Kisha nikamwambia na ya mabati pia. Akatikisa kichwa, akaniletea chai, akaendelea kufanya kazi.

Nimekaa na jambo hili siku nyingi. Kumbe ulinijua wakati wote na bado ulikuja Kosele kila likizo, ukakaa kwenye kile kiti kibovu ukaniuliza maneno. Mtu mwingine angenitia aibu mbele ya mama yako. Wewe ulinipa chumba changu peke yangu, ukafunga mlango ili nisiharibu nyumba ya wengine. Na yule mama mzee alinicheka akiwa mgonjwa. Sijui niumie au nishukuru. Siku nyingine nashukuru.

Swaleh ameyachapa kwa printa. KISUBA1 imetoka yote. KISUBA2 imetoka yote. KISUBA3 ina shida: kuna kurasa nzuri, halafu katikati panakuja alama za ajabu, nyota na vikapu, mistari kumi, mistari ishirini, kisha maneno yanarudi. Swaleh amejaribu njia zote anazozijua. Sijui kama ni jua langu lililofanya hivyo au ni ugonjwa wa zamani wa diski. Naye hajui.

Jumamosi nitavuka kwenda Takawiri kumpelekea mama yako karatasi hizi. Za NERA nitamsomea mwenyewe, nimwambie ni zangu, na nimwambie habari ya mabati na ya fundi wa Kisumu. Tukifika pale palipoharibika ataniuliza hapa nyanya alisema nini. Najua ataniuliza, na wewe unajua maneno yatakavyonijia mdomoni, mazuri, yenye sauti ya Kisuba kabisa, na hakuna mtu duniani wa kunikatalia.

Nakuahidi, Ouma, nitamwambia sijui. Pale nitapaacha wazi.

Pumzika, mwanangu.

Mjomba wako,
Nera