Eti ni Meno

Fuseina, nimemkaidi mama mkwe! Mimi!

Mwanangu Suhuyini anaharisha na kutapika tangu jana. Leo macho yameingia ndani, analia machozi hayatoki. Mama mkwe anasema, "Ni meno tu hayo, yanaota."

Meno!

Nikambeba mwanangu mgongoni. Mama mkwe akaziba mlango: "Ukitoka na mjukuu wangu, usirudi."

Nikamwambia, "Mama, nipishe." Fuseina, nilimwambia nipishe!

Muuguzi hapa zahanati anasema ni maambukizi ya tumbo, huenda ni yale maji ya bwawa tunayompa bila kuchemsha. Nimemnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko, mpaka akakojoa; maji yamemrudia mwilini! Kitenge chote chapachapa, nami nacheka huku nalia!

Jioni narudi nyumbani. Maji ya mtoto nitachemsha mimi, mama mkwe anune asinune.