Mteremko Ule Si Ardhi Tupu

Mbamba Bay, Jumatano jioni.

Joto la leo halina adabu. Mawingu yamejikusanya upande wa Malawi tangu mchana lakini mvua haitaki kushuka, na mimi nina hasira ambayo nimeamua kutoituliza. Naiandika hivyo hivyo, ikiwa bado ya moto.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: kazi yangu ni kutambua mimea. Timu yetu inaandaa ramani ya uoto wa vijiji vya ufukweni, na ramani hiyo ndiyo itakayotumika kuamua ardhi ipi itumike kwa kazi gani. Kompyuta inasoma picha za setilaiti na kupaka rangi. Kijani ni msitu, kijani mpauko ni nyasi, njano ni ardhi tupu. Halafu natembea mimi, kwa miguu, kuhakiki kama rangi zinasema kweli.

Mteremko ulio juu ya kijiji hiki umepakwa njano. Wote.

Nilipanda huko wiki iliyopita. Ukiutazama kwa mbali utadhani jangwa: mchanga, mawe, na weusi wa moto wa kiangazi. Picha ilipigwa moto ukiwa umeshapita na vichaka vimepukutisha majani. Lakini nilipopiga magoti nikaona nyasi zinachipua kwenye mashina yaliyoungua. Nikachimba. Mizizi imesukana kama mkeka. Chini kwenye mchanga kuna ukoka, nyasi zinazotambaa. Katikati, mikunazi na nyasi ndefu za kuezekea. Juu kwenye miamba, miombo mifupi iliyokakamaa. Hizo ni jamii tatu za mimea, na ukitembea unaona kabisa moja inapoishia na nyingine inapoanzia.

Na chini ya mteremko kuna nyumba za watu. Mizizi ile ndiyo inayoushika mchanga usiwashukie wakati wa masika.

Nilimweleza Dokta Haule, kiongozi wetu, mtu aliyenipokea kazini na niliyemheshimu kama baba mdogo. Hakubisha kuhusu mimea. Ndicho kilichoniuma.

“Imelda, kuna watu wanatafuta eneo la kumwaga makaa ya mawe karibu na bandari,” alisema. “Ramani inasubiriwa. Njano iache njano.”

“Lakini Dokta, pale si patupu.”

“Usinifundishe kazi.”

Nikaiacha njano. Nilijiambia kwamba ramani ni yake, jina ni lake, lawama zitakuwa zake.

Leo ulikuwa mkutano wa kijiji wa kuipitisha. Dokta akaibandika ukutani, akaweka kidole kwenye ile njano, akasema, “Eneo hili halina kitu. Mtaalamu wetu wa mimea amelihakiki mwenyewe.”

Mtaalamu wetu. Yaani mimi!

Nilisimama kabla sijajua kama nimesimama.

“Shikamooni wazee wangu. Mtaalamu anayetajwa ni mimi. Nimepanda kule, na sijamwambia mtu yeyote kwamba ni patupu. Kuna nyasi, kuna vichaka, kuna miti. Vikiondolewa, mchanga utaingia majumbani mwenu.”

Dokta alinivuta mkono wa blauzi. “Kaa chini.”

Sikukaa.

Ndipo akanyanyuka Mama Fides, ambaye nimepanga chumba kwake, akajifunga khanga vizuri. “Samahani Dokta, naomba kuuliza. Mbuzi wangu kila jioni wanashuka kutoka huko matumbo yamejaa. Wanakula mchanga?”

Watu walicheka hadi wengine wakapiga makofi. Kicheko kilipoisha, mwenyekiti wa kijiji akaomba wanaoikubali ramani wanyooshe mikono. Hakuna aliyenyoosha. Akaamua irudishwe, na mteremko upimwe upya baada ya mvua, wanakijiji wakiwepo.

Kwenye gari Dokta hakunitazama. “Kesho rudi Mbinga,” alisema. “Kwenye timu yangu huna kazi tena.”

Nilitegemea kulia. Sikulia. Nilimshukuru kwa miaka yote aliyonifundisha, na nilimaanisha, kisha nikashuka nikatembea.

Nakiri kwamba naogopa. Watu wa fani yetu ni wachache, tunajuana, na sifa ya ukaidi husafiri haraka kuliko basi la Songea. Mama yangu kule Mbinga atanikaripia mpaka kahawa ipoe. Atakuwa na haki yake. Alinisomesha ili nipate kazi, na mimi nimeichezea mbele ya umati. Na huenda huyo atakayeletwa kupima upya akaogopa kuliko mimi, akaona njano kwa sababu ameambiwa aione.

Ndiyo maana jioni hii nilikwenda kwa mwenyekiti kumuuliza jambo moja: siku ya kupima, mtu asiye wa timu anaruhusiwa kupanda?

“Mlima una geti?” akanijibu.

Basi nitapanda. Sitakuwa na kitambulisho shingoni wala gari la ofisi. Atakayetaka kuuita mteremko ule ardhi tupu atausema uongo huo nikiwa nimesimama pembeni yake, nyasi zikimfikia magotini.

Kesho naondoka na gari la kwanza. Nimefukuzwa kwenye timu tu, sijafukuzwa Nyasa.