Écran Nyeusi, Siku Tatu Mbele ya Kutoka Kilio

Murara, Goma
Tarehe 9 mwezi wa kumi

Mupendwa Papa mudogo Ferdinand,

Jambo sana kutoka kwetu. Lubumbashi munaendeleaje? Na ule mugongo wako, umepona ao unajikaza tu? Usiniandikie kwamba uko muzima kama si kweli, nakujua. Mimi na Mama Julienne tuko salama, vumbi tu ndilo linatukohoza.

Sasa kaa chini, juu nilikaribia kuharibu kitu ambacho hakuna mutu angeweza kukitengeneza.

Mbele ya kufa, Papa aliniomba nimuwekee ordinateur, ile kompyuta yake, tayari kwa kurekodi video. Alisema ni neno lake juu ya shamba la Kibumba, lile ambalo mupaka wake uliwafanya ninyi ndugu wawili mukose kusalimiana miaka nane. Alinifukuza chumbani, akasema peke yake. Kisha akanikataza kuifungua mpaka siku ya kutoka kilio, matanga yakiisha, jamaa yote ikiwapo. Ilikuwa iwe dimanche hii, siku ya misa, siku tatu kutoka leo. Wewe ulituma habari kwamba hautakuja, hauna cha kusikia.

Na mimi, kichwa ngumu, sikutoa kopi hata moja.

Juzi mashini ikakataa kuwaka, Windows ikawa inazunguka tu. Héritière, rafiki yangu mwenye secrétariat ya kuchapa na kutoa kopi hapa Murara, akaniletea clé USB yenye Linux, programu nyingine ya kuendesha mashini. Akanionyesha namna ya kuiweka pembeni ya Windows bila kufuta kitu, akarudi kwa kazi yake na clé yake. Nikafuata yote. Mwishoni mashini ikaniomba niizime na kuiwasha tena. Mistari nyeupe ikapita mbio, halafu écran, kile kioo cha picha, ikawa nyeusi tii!

Nikazima, nikawasha. Tii vilevile. Na mashini ilikuwa hai, Papa mudogo! Ventilateur, ile feni ya ndani, ilivuma, taa ya clavier iliwaka nikibonyeza herufi. Nikampigia Héritière. Akasema labda carte graphique, kile kipande kinachotuma picha kwa écran, hakielewani na Linux, nichague, kwa orodha inayotokea mwanzoni, mustari wa kuwasha na picha za kawaida tu. Nikajaribu mara nne. Bure.

Hapo mawazo mabaya yakaanza. Na kama nilibonyeza pasipo pake? Na kama Papa wangu nimemufuta kwa mukono wangu? Nililia, sikufichi. Tena nilimufokea Mama, ambaye aliniuliza tu kama nimekula.

Jana Héritière akaja mwenyewe. Hakugusa clavier. Aliingiza mukono nyuma ya mashini, akafuata câble moja kwa vidole, akauliza: «Na hii inaenda wapi?»

Ilikuwa inaenda kwa télé! Papa aliiunganisha zamani ili aangalie messe ya kanisa kwa picha kubwa. Tangu tumuzike, télé imefunikwa kitambaa wala hakuna anayeitazama, unajua kwetu nyumba yenye kilio haiwashi télé. Lakini Linux haijui kilio cha mutu. Iliona câble, ikahesabu télé kuwa écran ya kwanza, ikapeleka picha yote kule. Siku mbili nilikuwa nalia mbele ya écran ambayo haikutumiwa kitu. Cheka tu, Héritière alicheka mpaka akakaa chini.

Tukachomoa câble, tukawasha. Picha ikaja. Nikatafuta, na video ilikuwapo. Ila je, ingefunguka? Papa alikataza. Mama akasema tuonje kidogo tu, tusije kuaibika mbele ya jamaa kama haifunguki.

Papa alikuwa amekaa kwenye kitanda chake, amevaa koti. Akakohoa, akasema: «Ferdinand, mudogo wangu, mupaka ule ni mimi niliusogeza.»

Mama alinishika mukono nisimamishe. Akalia sana. Halafu akasema yanayofuata si yetu kuyasikia wa kwanza. Kopi sasa ziko tatu, na ile tarehe ya dimanche imeondolewa. Hatutoki kilio mpaka wewe ukae katikati yetu.

Utusalimie Mama mudogo Thérèse, pamoja na Landry na Chance. Mungu akupe nguvu ya mugongo na njia iliyo wazi. Njoo, Papa mudogo. Papa alikungojea miaka nane, na sisi tunakungojea.

Mutoto wako akupendaye,
Charline