Majaketi Yaliyobaki Kichakani

Nyumba ya nne, nyuma ya hospitali,
Jumapili, tarehe 9, mwezi wa tatu.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia mimi mpaka paka. Natumaini barua hii itakukuta umesimama, si umekaa na goti lako juu ya stuli. Ile dawa ya kuchua ilisaidia, au ilinukia tu? Shemeji je, presha imeshuka? Na mjukuu wetu ana meno mangapi sasa? Huku sisi ni wazima. Mgongo wangu unauma kama kawaida, na mgongo wa mtu aliyefua mashuka ya hospitali miaka ishirini na miwili siku ukinyamaza ndipo uogope.

Sasa tafuta mahali ukae. Uliponipigia simu nilikwambia safari yetu ya boti ilikuwa nzuri, tumepumzika, tumeona pomboo. Sikukudanganya, ila nilikumiminia mchuzi nikaificha nyama. Nyama yenyewe ni hii: leseni ya unahodha ya mwanao ilining'inia kwenye uzi, na aliyeining'iniza ni mimi mama yake.

Unajua nilivyomtangaza mtoto yule. Walifanya mtihani watu kumi na wawili, mwanamke yeye peke yake, na akatoka wa pili. Cheti chake nilimwonyesha hata muuza mkate, maskini, mikono yake ikiwa na unga. Na nisingemtangaza mimi, angetangazwa na nani? Shemeji alisema mtoto wa kike hajui hata kuogelea kwenye beseni. Nikamjibu angoje. Basi nilikuwa nangoja naye, kwa sababu leseni ilikuwa ya majaribio, miezi sita, na kosa moja tu la usalama lingetosha kuirudisha mezani kwa wakubwa wa bandari waliompa.

Mwenye boti alimruhusu anichukue mimi na wenzangu siku mbili, kipindi hiki ambacho wageni ni wachache. Wenzangu ni wawili, wote wa chumba chetu cha kufulia. Yupo Pasi, unayemkumbuka, yule mrefu wa kupiga pasi ambaye hata leso yake ya kupengea kamasi ina mikunjo minne. Na yupo Kiherehere, ambaye jina lake linatosha.

Siku ya kwanza ilikuwa raha tupu. Boti ni ndogo, ina kivuli cha turubai na viti vya mbao. Nahodha ni yeye, mpishi ni yeye. Alituvalisha majaketi ya kujiokolea kabla hata hatujakaa, akatufunga mikanda kama tunapelekwa shule. Tulienda mpaka kisiwa kidogo kisicho na mtu ila mlinzi mmoja, anayelinda mayai ya kasa. Mchanga mweupe, maji unaona vidole vyako vya miguu. Ndege mmoja mkubwa alimnyang'anya Kiherehere mkate mkononi, naye akamfukuza ufuo mzima akimdai. Nilicheka mpaka mbavu zikaomba radhi. Tulilala kwenye hema, tukatandika mashuka yetu.

Tatizo lilikuwa majaketi. Yalinuka ukungu, mdogo wangu, unaweza kudhani yamezikwa yakafukuliwa. Na wewe ukimweka mfua nguo karibu na kitu kinachonuka, ni kama kumweka mbuzi karibu na mahindi. Siku ya pili asubuhi, mwanao alipoenda kwa mlinzi kuandika majina yetu kitabuni, tulitoa majaketi yote kwenye sanduku la boti. Tukayafua kwa sabuni, tukayasuuza kwa maji ya kisima cha mlinzi, na Pasi akayaanika kwenye vichaka nyuma ya kibanda chake, jua lilipo. Hatukumwambia mtoto. Tulitaka ayakute yananukia.

Lazima ujue kanuni yetu ya kazini, la sivyo utatuona wajinga kuliko tulivyo. Kwetu anayefua haanui, na anayeanua hafui. Mimi nikishatoa kitu majini si changu tena, ni cha Pasi. Na Pasi haanui kitu kibichi hata wodi nzima ilale bila shuka. Tumefanya hivyo miaka yote na halijapotea hata foronya.

Basi saa tano Kiherehere akapiga kelele kwamba pomboo wanapita. Kundi zima, wanaruka mbele yetu pale. Mimi ndiye niliyemsihi mtoto atupeleke tuwaone kwa karibu, dakika tano tu. Hakutaka. Alitazama upepo, akasema unaongezeka. Nikambembeleza, nikamwambia wenzangu hawajaja mpaka huku kuona migongo ya samaki kwa mbali. Akakubali kwa sababu ni mimi. Tuliposhika mashuka yetu ya kukalia na kupanda, akauliza,

"Mama, majaketi yapo sandukuni?"

"Yapo."

Nilijibu hivyo bila hata kufikiri. Kichwani mwangu Pasi alikuwa ameshayaanua. Na Pasi alinisikia nikisema yapo, akadhani sikumngoja, nimeyarudisha mwenyewe yakiwa mabichi, akanuna, akanyamaza. Mtoto alitaka tuyavae, nikamwambia jua ni kali, tutayavaa tukianza kurudi. Hilo nalo ni langu.

Pomboo tuliwaona. Walikuwa kumi au zaidi, na mmoja na mwanawe ubavuni, wanapumua pamoja kama wanaoitikiana. Nilifurahi nikajisahau. Tulikuwa ndiyo tunageuza kurudi tulipomkuta kasa amenaswa kwenye kipande cha wavu mbovu kinachoelea, kichwa kinatoka majini, kinazama, kinatoka. Mwanao akazima mashine, akauvuta wavu kwa ndoano, akaukata kwa kisu mpaka kasa akatoka akaenda zake bila kugeuka. Tukapiga makofi. Hatukuona kwamba mkia wa wavu umepita chini ya boti.

Alipowasha mashine ikakohoa, ikanyamaza. Akaiinua. Wavu ulikuwa umejisokota kwenye mapanga yake ya kusukumia maji kama uzi kwenye kibiringo. Na upepo unatusukuma, na upande tunaosukumiwa ni mwamba. Mwamba wenyewe hauonekani, unaona povu tu, na unausikia. Nanga aliitupa, haikufika chini.

Hapo akasema kwa sauti ya kawaida kabisa tuvae majaketi. Akafungua sanduku. Ndani kulikuwa na kamba moja na chupa ya maji.

Mdogo wangu, nimezaa watoto watatu, nimezika mume, sijawahi kuona uso ule. Hakunigombeza. Alinitazama tu, na mimi nikamtazama Pasi, na Pasi akanitazama mimi. Nikasema yako kichakani, tuliyafua. Kiherehere peke yake ndiye aliyepata la kusema, akasema angalau tutazama tukiwa wasafi, na hakuna aliyemcheka.

Mwanao akashika redio ya upepo aite msaada. Pasi akamdaka mkono. Pasi ana akili, na alimpenda mtoto, ndiyo maana akasema,

"Usiite, mwanangu. Wakija watu wa doria watatuhesabu na majaketi, leseni iende. Jaribu kwanza, tukishindwa utaita."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa naisikia sauti ya shemeji hata juu ya sauti ya mwamba.

Akautoa mkono wa Pasi taratibu. Akanigeukia.

"Leseni huandikwa nyingine, mama. Wewe nitakuandika wapi?"

Akaita. Akataja jina la boti, tulipo, watu wanne, na akamalizia kwa sauti ileile: abiria hawana majaketi. Alisema mwenyewe, kabla hajaulizwa. Wakamjibu boti ya doria itatumia dakika arobaini. Mwamba haukuwa na dakika arobaini.

Akaniuliza kama naweza kufunga shuka pembe nne lisifunguke. Mimi! Nimefunga mafurushi ya nguo chafu tangu yeye hajazaliwa. Tulichukua mashuka mawili, tukayaweka pamoja, tukayafunga pembe kwa fundo letu lile la furushi ambalo likilowa ndiyo linakaza. Akayafunga kwenye kamba ya mbele, akayatupa majini. Yakajaa. Shuka lililolowa ni zito, hilo hanifundishi mtu. Boti ikageuza pua ikatazama upepo, ikawa inarudi nyuma polepole, kama mtu asiyetaka kwenda anakopelekwa.

Kisha akajifunga kamba kiunoni, akanipa mimi ncha, akashika kisu kwa meno na kuingia majini.

Sitaki kuandika sana hapo. Aliingia mara tatu. Mara ya kwanza alitoka na uzi kidogo. Mara ya pili alikaa sana, boti ikipanda na kushuka juu yake, Pasi akawa anahesabu kwa sauti na Kiherehere amenishika nguo kwa nyuma. Nilikuwa tayari kuvuta. Akatoka. Mara ya tatu alitoka na bonge la wavu kubwa kama kichwa cha mtoto, na bega linatoka damu. Mashine ikawaka alipoijaribu mara ya pili. Povu la mwamba lilikuwa karibu kama lango la wodi lilivyo na chumba chetu cha kufulia, unapajua, hatua thelathini.

Sasa sikiliza. Tulipofika maji salama, boti ya doria bado haijaonekana. Angeweza kuwaambia kwa redio kwamba tumeshapona, wasije. Tungerudi kisiwani, tungeyachukua majaketi yetu yananukia, na leo nisingekuandikia haya. Pasi aliitazama redio. Mtoto akazima mashine akangoja. Wakaja. Ofisa akatuhesabu, akafungua sanduku, akauliza nani mwenye kosa. Mimi mdomo umeshafunguka.

"Nahodha ni mimi," akasema. "Sikuhesabu."

Wakachukua leseni palepale, wakatusindikiza moja kwa moja mpaka bandarini.

Alinikataza nisiende kwenye kikao chao. Nilikwenda. Nilivaa lile gauni la bluu ulilonipa, Pasi amelinyoosha, na nikawaambia wale wazee watatu mezani kila kitu, kufua, kuanika, kusema yapo, kumbembeleza. Mimi ambaye hujawahi kunisikia nikisema nimekosa, nilisema mara nne. Wakanisikiliza kwa heshima. Mkubwa wao akaniambia, mama, kosa ni lako, lakini sanduku ni lake. Na ni kweli.

Wamemsimamisha miezi miwili, kisha atarudia mtihani wa usalama. Hawakumfuta. Mkubwa alisoma kwenye daftari lao maneno aliyoyatamka kwenye redio, neno kwa neno, akasema katika miaka yake pale wengi huita, lakini wanaojishtaki kabla ya kuulizwa hajawasikia. Mwenye boti hakumfukuza. Kwa sasa anamfungia kamba nahodha mwingine na kusugua sakafu. Analipwa kidogo, haoni haya. Bega limepona.

Kwa hiyo shemeji akikuuliza, msomee barua hii yote, usimrukishie hata mstari. Mwambie ni kweli, leseni imechukuliwa. Halafu mwulize, yeye angeshika redio?

Na ile safari yenu ya mwezi wa nane msiahirishe. Atakuwa ameshafanya mtihani. Nimesema atakuwa wa kwanza, naye amenitazama vibaya, amesema nisianze. Ila usishangae ukimkuta bandarini akakuhesabia jaketi kabla hajakuamkia wewe mama yake mdogo. Nami atanihesabia. Wiki iliyopita tulikwenda na Pasi kuyachukua yale majaketi kisiwani. Yalikuwa makavu, hayanuki kitu. Pasi aliyaanua, nami nikayabeba mpaka sandukuni mwenyewe, moja baada ya jingine, nikihesabu kwa sauti.

Nisalimie shemeji, mjukuu, na fundi cherehani wa jirani yako anayenidai salamu. Pasi na Kiherehere wanakukumbatia. Mwenyezi Mungu awalinde nchi kavu na majini, na akulegezee goti.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na makosa,
Mama Nahodha